Harufu Isiyotoka Kwenye Jezi

Shamsa mwanangu, uliniomba nikuandikie namna ya kuiendesha ile stoo ya vifaa vya michezo, wewe na wenzako watakaokuja baada yako. Ukaniomba nikuandikie kwa Kiswahili, kwa sababu, ulivosema, kwa Kiarabu nitaandika kama wizara. Haya. Nimekaa mezani hapa nyumbani Al Khuwair, chai imeshapoa, na hakuna anayenihimiza niwahi basi la timu. Nimestaafu juzijuzi tu na bado naamka saa ile ile ya kazi, navaa, kisha nakumbuka.

Nitakwambia ninachokijua, nacho ni harufu mbaya na namna ya kuiondoa. Mambo ya vyeo na madaraja nimeyaacha, hayajamsaidia mtu kukausha kiatu.

Niliingia stoo ya michezo ya wasichana pale chuoni nikitokea ofisi ya usajili, mahali pa karatasi na manukato. Siku ya kwanza mlango ulipofunguliwa nikavuta shela yangu nikaziba pua. Ndani alikuwemo Bi Salma, mwanamke mfupi, mpana, mzaliwa wa Mlandege, Unguja, aliyekuja Maskati akiwa msichana na hakuwahi kuiacha lafudhi ya kwao. Alikuwa kakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anasugua soli ya kiatu kwa mswaki.

"Toa hiyo shela puani," akanambia, salamu bado. "Hapa pua ndiyo chombo cha kazi. Umeona wapi fundi cherehani kafumba macho?"

Nikaitoa. Akanipa jezi iliyotoka kuvuliwa, bado mbichi kwa jasho. "Nusa." Nikanusa. Ilikuwa harufu ya mtu aliyekimbia tu, hata haikuwa mbaya. Akafungua begi lililokaa limefungwa tangu kabla ya Ijumaa, akanipa jezi nyengine. "Na hii." Nikarudi nyuma hadi nikagonga kabati.

"Jasho ni lile lile," akasema. "Kilichozidi ni begi. Jasho halinuki peke yake, bibi. Kuna vijidudu vinalila, na vinapenda giza na unyevu. Wewe kazi yako si kufua. Kazi yako ni kuvinyima nyumba."

Basi hilo ndilo la kwanza, Shamsa. Kabla ya sabuni, fungua begi. Kitu kilichorowa kitundike kikauke hata kama utakifua baada ya saa moja. Wasichana watakwambia watafungua wakifika nyumbani. Hawatafungua. Litakaa kwenye buti ya gari hadi Jumapili, na wewe unaijua buti ya gari ya Maskati mwezi wa saba. Niliwahi kuletewa soksi zilizokaa humo likizo nzima. Sikuzifua. Nilizisomea dua nikazitupa.

Mengine aliyonifundisha Bi Salma nayaandika kadiri ninavoyakumbuka. Siki nyeupe, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji, unaloweka jezi kabla ya kuifua. Usiichanganye siki na dawa ya klorini hata tone, itatoka hewa itakayokukaba kifua; mfagizi mmoja alichanganya akijifanya mjuzi, tukamtoa nje anakohoa na machozi yanamtiririka. Magadi meupe ya kupikia unayanyunyizia ndani ya viatu, asubuhi unayakung'uta. Magazeti unayajaza kwenye viatu vilivyorowa, na unayabadilisha, maana gazeti lililorowa ni unyevu ule ule umehama chumba. Ile dawa ya kulainisha nguo, yenye picha ya maua, usiiguse kwa jezi. Inaupaka uzi mafuta, na jasho linajificha chini yake. Jua la asubuhi ni dawa. Jua la mchana wa kwetu ni adui: gundi huyeyuka, na mimi nimeona soli za timu nzima zimeachama kama ndimi za mbwa.

Na udi. Hapo nilipigana vita. Sisi hatuwezi kuona harufu mbaya tusiipelekee chetezo. Wasichana wa taekwondo waliwahi kuvifukiza vile vizibao vyao vya kukinga kifua, wakavifukiza vikiwa bado vimerowa. Nilipofungua kabati nikadhani kuna harusi imefanyika kwenye zizi la mbuzi. Bi Salma alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akavua saa yake, akakunja mikono, tukaviloweka kimoja kimoja.

Alinifundisha pia kutafuta. Ulikuwepo uvundo stooni uliokuja kila mwisho wa wiki na hatukuuona ulipo. Tulifua kila kitu, tukapiga deki, wapi. Mwisho Bi Salma akalala kifudifudi sakafuni, mwanamke wa umri wake, akatambaa akinusa kando ya ukuta kama paka. Bomba la maji ya kiyoyozi lilikuwa likidondokea nyuma ya magodoro ya kurukia. Tulipoyavuta, chini yalikuwa meusi. "Umeona?" akasema akiwa bado chini. "Tulikuwa tunawalaumu watoto wa watu."

Alipostaafu alihamia Sohar kwa binti yake, na si muda mrefu akatangulia mbele ya haki. Nilibaki stooni peke yangu. Naliandika hili kwa sababu na wewe utalikuta. Ile kazi ni ya upweke. Wasichana wanaingia, wanatupa, wanachukua, wanatoka. Wanazungumza wao kwa wao. Makocha wanasimama mlangoni, hawaingii, kwa sababu ya harufu. Mume wangu alikuwa ameshafariki kabla sijaanza kazi ile, na watoto Mungu hakutujaalia. Nna kaka yangu Bawshar, ana nyumba kubwa na wajukuu wengi, Ijumaa hunialika, nami huenda nikakaa kwenye kochi la pembeni na sahani yangu. Baada ya Bi Salma zilipita siku nyingi ambazo Kiswahili nilikisema na redio tu.

Ndipo akaja Ghaniya.

Alikuwa kipa wa timu ya mpira wa mikono. Msichana mrefu, mikono mirefu, mtulivu golini kama mtu anayesubiri lifti. Siku aliyokuja kuchukua vifaa aliniona nimeandika kitu kwa Kiswahili kwenye ndoo yangu ya siki, akasema, "Shikamoo." Nikashtuka. Bibi yake amekulia Tabora, na nyumbani kwao Al Khoudh Kiswahili ndicho kilichomlea. Nikaitikia marahaba kwa sauti kubwa kuliko ilivohitajika.

Baada ya wiki chache kocha wao, Huda, akasimama mlangoni. "Bi Zuwena, nifanyie kitu na pedi za magoti za kipa wangu," akanambia kwa Kiarabu. "Wenzake wanalalamika."

Nikazichukua. Harufu yake haikuwa ile niliyoizoea, ya unyevu na giza. Ilikuwa harufu ya samaki aliyelala. Nikaloweka kwa siki, nikafua, nikaanika asubuhi, zikatoka safi kabisa, ungeweza kuzilalia. Baada ya zoezi moja zikarudi vile vile. Nikarudia. Nikadhani labda sponji ya ndani imeoza, nikatoa pedi mpya kwenye boksi, nikamkabidhi mkononi. Alipozirudisha jioni ile, nikanusa. Nikakaa chini. Nilikuwa nimeshajua, na nilitamani nisijue.

Wenzake nao walikuwa wamejua, kwa namna yao. Nilianza kutazama. Kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, alipokaa Ghaniya palibaki nafasi upande huu na upande huu. Kwenye basi hali kadhalika. Siku moja mtu alimwekea juu ya begi lake chupa ya manukato ya kwapani, mpya, na nyuma ya makabati pakasikika vicheko. Ghaniya aliichukua, akaitazama, akaiweka juu ya kabati kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Tangu siku ile akawa anaoga wa mwisho, wenzake wakishaondoka. Alipokuja kurudisha jezi niliiona shingo yake nyekundu, imechubuka kwa kusuguliwa na dodoki.

Mchana mmoja akaingia stooni akafunga mlango nyuma yake. Hakuna aliyewahi kuufunga mlango ule kwa hiari akiwa ndani.

"Bi Zuwena, nataka kukuuliza kitu. Uniambie ukweli."

"Uliza, mwanangu."

"Mama anasema hanusi chochote. Bibi anasema ni jicho la watu, ameninywesha kombe la aya. Nilikwenda kwa daktari karibu na kwetu, siku ile hakunusa kitu, akaniambia nioge vizuri na niache mawazo. Mimi mwenyewe nikijinusa sioni kitu. Lakini nawaona watu. Ni vifaa, au ni mimi?"

Ningeweza kusema ni vifaa. Lilikuwa neno jepesi na lilikuwa mdomoni. Ningempa pedi nyengine, angeondoka anatabasamu, na angekwenda kusuguliwa upya na macho ya wenzake. Yeye alinitazama usoni, na mimi nilikuwa nimeshika jezi yake.

"Ni weye, mwanangu," nikamwambia. "Vifaa havina kosa."

Hakulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia: "Nanuka nini?"

"Samaki."

"Sana?"

"Siku nyengine sana. Siku nyengine hata kidogo."

"Siku zipi?"

Nikamwambia siku ninazozikumbuka. Akakaa kwenye boksi la mipira, na hapo ndipo machozi yakaja. "Alhamdulillahi," akawa anasema, "Alhamdulillahi. Nilifikiri naingia wazimu." Nikasogeza ndoo yangu nikakaa ubavuni kwake. Siku ile ilikuwa katika zile siku za sana, nami sikusogea.

Sikujua ni kitu gani. Nakwambia wazi, Shamsa, maana watu baadaye walinipa sifa isiyo yangu. Mimi nilijua tu kwamba haikutoka kwenye vifaa. Nilimwomba Kocha Huda ruhusa, tukaenda mimi na Ghaniya kwenye hospitali kubwa, na tukapata bahati ya daktari wa kike, kijana, mtulivu, aliyemsikiliza hadi mwisho bila kugusa kompyuta. Akamuuliza anakula nini. Ghaniya akataja: samaki mchana, samaki usiku, na asubuhi mayai. Daktari akatikisa kichwa taratibu, akaagiza kipimo cha mkojo.

Majibu yalipotoka alituita tena. Akaeleza kwamba mwili wa Ghaniya, tangu kuzaliwa, hauwezi kukivunja kitu kimoja kinachotokana na baadhi ya vyakula, na kwa kuwa hakivunjiki kinatafuta njia ya kutokea: jasho, pumzi, mkojo. Hakina dawa ya kukimaliza, ila kinaweza kutulizwa. Aache samaki, mayai, maini, apunguze na maharage. Atumie sabuni yenye ukali kidogo wa siki, ya duka la dawa, si ile ya kunukia.

"Si uchafu," daktari akasema.

"Samahani, sema tena," akasema Ghaniya.

"Si uchafu. Hukukosea kitu."

Akamwomba arudie mara ya tatu, na daktari, Mungu amjaze kheri, akarudia.

Ikabaki nyumbani. Ghaniya alisema hawezi kumwambia bibi yake peke yake, basi nikaendesha gari hadi Al Khoudh, kwenye nyumba yao ya ghorofa moja nyuma ya mtaa wa wahadhiri. Bibi mwenyewe, Bi Moza, alikuwa ametandika chakula: wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchuzi wa papa. Mama yake Ghaniya alikaa mwisho wa busati akijua kwamba neno litakalosemwa litapita kwa mzee kwanza.

Nikaeleza. Bi Moza akanisikiliza huku mkono wake uko juu ya sinia la samaki, kama anayemlinda.

"Huyo daktari kwao wapi?"

"Nizwa, bibi."

"Ndiyo maana. Nizwa wana bahari gani?"

"Bibi," akasema Ghaniya.

"Mimi nimekulia Tabora, samaki tulikuwa tunamwona mkavu, kwa msimu. Nimekuja huku nikasema wajukuu zangu watakula mbichi, kila siku, mpaka wachoke. Leo nisimpe? Basi ale nini, majani?"

"Kuku. Nyama. Wali," nikasema.

"Mayai?"

"Hapana."

"Maini je? Anapenda maini."

"Hapana, bibi."

Akaanza kuhesabu vidole, kisha akaviacha. Akamtazama mjukuu wake, shingo ile yenye michubuko, akaitazama kwa muda. Nadhani siku zote alikuwa akiiona na hakutaka kuiona. Akachukua sinia akalisogeza upande wangu. "Kula wewe, mgeni. Usiache."

Baadaye Ghaniya akanihadithia kwamba bibi alianza kupika vyungu viwili, chake na cha mjukuu. Halafu kile cha samaki kikapotea. Alipoulizwa akasema meno yake hayawezi tena miba.

"Na meno yenyewe ni ya bandia, Bi Zuwena," Ghaniya akasema, akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sauti.

Akija kwako msichana kama huyo, Shamsa, mfulie vyake mbali, na suuzo la mwisho litie siki, maana harufu ile siki inaiweza khasa. Lakini usimfulie kwa siri, akajiona anafichwa. Mfulie naye akiwepo.

Hivo ndivyo alivyoanza kuja mchana baada ya masomo. Tulifua pamoja, tukatundika pamoja. Mimi nikimfundisha kukamua pedi bila kuipinda sponji, yeye akinisahihisha Kiswahili.

"Bi Zuwena, mbona unasema 'nna'? Herufi nyingine umeziacha kwenu Unguja?"

"Na nyie wa Tabora mnazisema zote kama mnalipwa kwa herufi."

Nikaleta kigoda cha pili kutoka nyumbani. Nilianza kununua maziwa ya chai ya watu wawili. Jioni nilikuwa nikirudi Al Khuwair, kwenye foleni ya barabara kuu, nikiwa na jambo la kulifikiria, neno alilosema, nitakalomjibu kesho. Timu ikisafiri, mimi nilikuwa nikikaa mbele na mabegi ya vifaa. Ghaniya akawa anakaa nami kiti cha pili, na ile nafasi tupu iliyokuwa ikimzunguka haikuonekana tena, maana pembeni yake nilikuwa mimi na mbele yetu dereva. Tulikwenda Nizwa hivo, tukaenda Ibra. Alinihadithia khabari za masomo yake, za binamu yake aliyemposa kisha akanyamaza, za namna alivyopenda golini kwa sababu pale ni mahali ambapo kila mtu anakaa mbali na kipa na hakuna anayeona ajabu. Nilimhadithia khabari za mume wangu, ambazo sikuwa nimezitamka kwa miaka.

Harufu ikapungua polepole, ikarudi, ikapungua. Bibi yake alishika msimamo kuliko daktari. Ikafika siku nikanusa zile pedi, nikazigeuza nikanusa tena, na ilikuwa jasho tu. Jasho la mtu aliyekimbia. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua nikawa nachekacheka peke yangu hadi mlinzi akaniuliza kama niko salama.

Nilitaka Kocha Huda aieleze timu. Ghaniya akakataa. Alisimama mwenyewe kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mimi nikiwa mlangoni na kikapu cha jezi, akasema kwa Kiarabu: "Nina ugonjwa, jina lake refu. Si uchafu. Sili samaki, sili mayai. Siku mkinusa kitu niambieni usoni. Msiniwekee kwenye begi."

Maryam, nahodha wao, ambaye mimi namjua kicheko chake hata nyuma ya makabati, aliinama akifunga kamba za kiatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Kisha akainua uso.

"Sawa," akasema. "Tutakwambia. Leo hakuna kitu."

"Najua," Ghaniya akasema. "Kuna mtu amekwishaninusia."

Wakacheka, kwanza mmoja, kisha wote, na kilikuwa kicheko cha aina nyengine. Nikatua kikapu nikaondoka.

Safari iliyofuata ilikuwa ya Sohar. Nilipanda mapema, nikapanga mabegi, nikaacha kiti cha pili wazi. Ghaniya akapanda. Nyuma wasichana wakaanza kumwita, "Ghaniya! Taali, njoo huku!" Maryam alikuwa ameondoa begi lake kwenye kiti na anakipiga kwa kiganja. Ghaniya akasimama kwenye ujia, akakitazama kiti cha karibu yangu, akanitazama.

"Bi Zuwena, nikakae nao kidogo?"

"Nenda, mwanangu. Mie ntalala."

Sikulala. Njia nzima ya pwani, Barka, Suwaiq, hadi Sohar, nilisikiliza sauti yake ikichanganyika na za wengine mpaka sikuweza kuitofautisha. Wakati wa kurudi walikuwa wameshinda, wakapiga makofi na vigelegele, na mimi nikaweka lile begi kubwa la jezi zilizorowa kwenye kiti cha pili, likanilalia bega kila tulipokata kona.

Mchana alikuja bado, lakini akipita tu. Alikuwa na wenzake wa kusoma nao, kula nao, kwenda nao madukani. Mara moja kwa wiki, kisha kwa mwezi. Nilikuwa nikisikia hatua kwenye ujia nikitazama mlango, na ilikuwa mtu mwengine analeta viatu. Usidhani nalalamika. Mambo yote niliyoyafanya niliyafanya ili akakae na wenzake, na alikaa nao. Ila hakuna aliyeniambia kwamba nitakuwa nikimsikia kutoka kiti cha mbele.

Alipohitimu akarudisha vifaa vyake vimeshafuliwa, safi, akanikumbatia. Harusi yake nilialikwa. Ilikuwa ukumbi mkubwa Bawshar, wanawake mia mbili tatu, dhahabu na muziki. Nilipopanda jukwaani kumpa mkono alinishika kwa mikono miwili, akamgeukia mama mkwe wake.

"Huyu ni Bi Zuwena, wa chuo."

Wa chuo. Hakuongeza neno, na mimi nilielewa kwa nini hakuongeza. Angesema mimi ni nani kwake, angelazimika kusema na yale mengine. Nikampa mama mkwe mkono, nikamwambia mmepata mtoto mwema, nikashuka. Mezani wageni walikuwa wakila samaki. Bibi harusi aliletewa kuku kwenye sahani yake, na Bi Moza alikaa karibu naye akiangalia mkono wa kila mhudumu. Sasa wako Salalah. Sikukuu zikija hunitumia picha ya maua kwenye simu, nami humrudishia picha nyengine ya maua.

Kisha ukaja wewe, Shamsa, na ile miaka ya mwisho ilikuwa myepesi kwa sababu yako. Hukuziba pua siku ya kwanza. Nilikuona umemeza mate, lakini hukuziba.

Siku yangu ya mwisho unaijua, ulikuwepo. Keki, maneno ya mkuu wa idara aliyelisahau jina la stoo, picha. Kocha Huda aliingia ndani kabisa, akavuta pumzi kwa nguvu mbele ya watu wote, akasema, "Hapanuki kitu!" wakapiga makofi. Wewe ulikuwa na haraka, mtoto wako ana homa, nikakwambia nenda. Nilizima feni, nikaangalia bomba la kiyoyozi, nikafunga.

Lisiloandikwa popote ni lililofuata. Niliendesha hadi nyumbani, nikapanda ngazi na ua mlilonipa, nikafungua mlango. Sebule ilikuwa baridi, imetulia, haina harufu yoyote, si ya chakula, si ya mtu. Unajua tumefundishwa kwamba ukiingia nyumba isiyo na mtu, utoe salamu hivo hivo, ujisalimie. Miaka yote ile nilikuwa nikiisema kwa haraka huku nikivua abaya, akili yangu bado iko stooni. Siku ile nikaisikia. *Assalamu alaynaa.* Amani iwe juu yetu. Yetu, nami nilikuwa peke yangu.

Nikasimama pale mlangoni, ua mkono mmoja na ufunguo mkono mwengine, nikaisema tena, kwa sauti zaidi kidogo.